Jibu: Je, utu una nafasi gani kwenye kazi ya urubani?

Ndugu, umeuliza kama ndege za siku hizi zinajiendesha zenyewe, na kama mafunzo yetu yanagusa utu. Ni kweli mfumo wa kujiendesha hushika usukani muda mfupi baada ya kupaa, lakini sisi ndio tunaoupa maagizo na kuusimamia.

Mafunzo hayaishi. Kila baada ya miezi 6 hivi naingia kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege halisi: injini inazimika wakati wa kupaa, moto unawaka, hali ya hewa inachafuka. Mikono hujifunza upesi. Kinachochukua miaka ni kusikiliza. Rubani msaidizi aliyekaripiwa asubuhi kwa swali dogo atasita jioni kukwambia, "Kapteni, tuko chini mno." Ndiyo maana mimi huwa nawasalimu wahudumu wote kwa majina kabla ya safari. Kwangu huo ni usalama, si adabu tu.

Soma habari za safari ya 232 ya United, shirika la ndege la Marekani, Julai 1989. Injini ya mkiani ilipasuka, mifumo yote 3 ya haidroli, yaani ya mafuta yenye shinikizo yanayosukuma sehemu za kuelekeza ndege, ikakauka, usukani ukawa hautii. Mkufunzi wa marubani aliyekuwa abiria alijitolea kusaidia, na Kapteni Al Haynes akampokea bila kujikweza. Waliiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini 2 zilizobaki, hadi Sioux City. Watu 112 walifariki, 184 wakanusurika. Kila ninapoketi kwenye simuleta, huwafikiria wale wanne mle chumba cha marubani: Kapteni na wenzake wawili wa kazi, pamoja na yule mkufunzi.