Taa ya onyo la boneti haizimi? Anza na waya kabla ya spea

Wewe unayeanza kazi ya umeme wa magari, nataka nikukanye mapema kuhusu swichi ya boneti, ile ndogo kwenye loki inayoliambia gari kama boneti imefungwa au iko wazi. Gari linaletwa, boneti imefungwa vizuri, lakini dashibodi inasema iko wazi na alamu inalia usiku kucha. Nilipokutana na hilo mara ya kwanza hapa Kisumu, nilibadilisha loki nzima. Mama mwenye gari akalipa. Mvua ya Aprili ilipopiga, akarudi na shida ileile. Waya ulikuwa umesuguliwa na chuma nyuma ya bampa, pale gari lilipowahi kugongwa na kunyooshwa. Nilimrudishia pesa zake. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni: limewahi kugongwa mbele?

Loki ikijaa vumbi na grisi iliyokauka, haifiki mwisho, na swichi haibonyezwi. Isafishe, itie mafuta. Boneti ikiwa wazi, unaweza kuifunga loki kwa bisibisi huku mwenzako akitazama dashibodi. Ila shika hili sana: vuta kebo uifungue tena kabla ya kushusha boneti, la sivyo utakunja bodi ya watu.

Bado? Chomoa plagi. Ukijani kwenye pini ni kutu ya shaba. Maji ya kuoshea gari kwa presha hupenya hapo. Kama ni swichi ya kawaida ya waya mbili, unganisha kwa kipande cha waya pini mbili za upande wa gari, kisha utoe. Onyo likija na kuondoka, waya ziko sawa, mbovu ni swichi. Lisipobadilika, ziangalie waya: zitikise polepole kuanzia kwenye loki, macho kwenye mita ya umeme uliyoiunga kwenye waya hizo. Namba zikirukaruka, umefika penye hitilafu. Plagi ya waya tatu, au swichi yenye rezista ndani, usiiunganishe hivyo. Tafuta mchoro wa gari hilo.

Kinachoniuma ni mafundi wanaounga waya moja kwa moja ili onyo lizime, wakachukua pesa. Gari la kuwashwa kwa rimoti, likidhani boneti imefungwa, linaweza kuwaka huku mkono wa mtu uko karibu na feni. Mwizi wa betri naye atafungua boneti, alamu kimya. Spea ikikosekana leo, mwambie mwenye gari ukweli na umpe siku ya kurudi.