Usinunue praima bado! Neutrofili za damu zitakudanganya

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza uzichochee neutrofili za damu (chembe nyeupe zinazoua bakteria) kwa saa 4 au 24 ndipo upime mRNA ya difensini, protini yao ya kuua vijidudu. mRNA ni nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini, na unataka kuipima kwa PCR, kipimo kinachozidisha nakala hizo kwa kutumia praima, vipande vifupi vya DNA. Idadi ya saa haina shida, shida ni seli zenyewe. Mimi nilipotelea hapo miezi 7.

Neutrofili ikifika kwenye damu, difensini imeshatengenezwa zamani. Jeni zake huwaka ndani ya uboho wa mifupa seli ikiwa bado changa, hatua ya mwanzo iitwayo promayelosaiti, halafu zinazimwa. Laktoferini, silaha nyingine ya neutrofili, inafuata katika hatua inayofuata ya mayelosaiti, ikiwashwa na C/EBP epsiloni, protini inayowasha jeni. Kwa hiyo kwenye damu unakuta seli imejaa protini, difensini peke yake ni kama asilimia 5 ya protini yake yote, lakini mRNA yake karibu hakuna.

Sasa sikia kilichonimaliza. Nilipopima mRNA ya difensini, sampuli za watu wazima wa afya zilitoa sifuri. Za wagonjwa wenye maambukizi makali zikapanda juu kweli kweli! Nikaandika sura nzima ya tasnifu: bakteria wanawasha jeni za difensini kwenye neutrofili. Mtahini wa nje akauliza swali moja tu: "Uliangalia slaidi?" Yaani damu iliyopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Sikuwa nimeangalia. Tulipoipaka damu ile ile, tukaziona seli changa tele. Maambukizi makali yanausukuma uboho utoe seli kabla hazijakomaa, nazo zinakuja na mRNA ya difensini. Hakuna jeni iliyowashwa na bakteria pale, nilikuwa nahesabu watoto waliotoka nyumbani mapema. Sura ikafutwa yote.

Na msinicheke, kwa sababu nilimuuliza msimamizi mapema kabisa. Akanijibu, "PCR haidanganyi, endelea." Hasira haijaniisha mpaka leo. Mtu anayesimamia wanafunzi wa damu anawezaje kutojua neutrofili inatengenezewa wapi silaha zake? Fedha za vitendanishi zilikuwa za mama yangu, si za mradi.

Shika hili moja: jeni iulize uboho, damu iulize protini. Huna uboho? Tumia seli za HL-60, seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara, hizo ni za hatua ya promayelosaiti. Ukilazimika kutumia damu, pima difensini kwa ELISA (kipimo cha protini kwa kingamwili), na kila sampuli ipakwe slaidi siku ile ile, kabla hujagusa mashine ya PCR. Slaidi ya kwanza ukishaipaka, weka picha hapa tuihesabu pamoja.