MUULIZE MWALIMU: Naandika kila siku lakini sioni ninachojifunza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni mwalimu mpya, nimeajiriwa mwaka jana shule ya msingi huku Kahama, nafundisha hisabati darasa la tatu, darasa lina watoto 94. Chuoni walitusisitiza sana kila mtu awe na daftari la kutafakari, yani unaandika yaliyotokea darasani ili ujifunze kutokana nayo. Nilinunua kaunta buku, nikaandika wiki tatu, lakini nikirudi kusoma ni yale yale tu, "leo nimechoka, watoto wasumbufu, kipindi kimeenda hivyo hivyo." Sasa nimeacha. Nakosea wapi? Au hivi vitu ni vya chuoni tu?
(Mwalimu mpya, Kahama)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na hao 94, maana najua kusahihisha madaftari 94 saa nane mchana na njaa juu kukoje. Nimefurahi sana umeuliza badala ya kulitupa daftari.

Shida yako ni kwamba unaandika siku nzima, huandiki kitu kimoja kilichotokea. "Watoto wasumbufu" hiyo ni hukumu, kesi umeshaifunga, sasa Ijumaa ukisoma utajifunza nini hapo? Ni kama ile sehemu ya tathmini na maoni kule chini ya andalio la somo, wote tunajua inavyojazwa, "somo limeeleweka, wachache watasaidiwa", mkuu anasaini, maisha yanaendelea. Mi nimeijaza hivyo miaka na miaka na naumia nikikumbuka, kwa sababu pale ndo palikuwa mahali pangu pa kujifunza na nilikuwa napapita tu.

Nikupe mfano wangu mwenyewe. Darasa la tatu hilo hilo, kutoa kwa kukopa makumi, nimeandika ubaoni 52 − 27. Napita kwenye madawati naona mtoto kaandika 35, wa pembeni yake 35, nyuma huko 35. Nikasema hawa wanaangaliziana, nikawagombeza, nikaenda zangu. Jioni hiyo nilikuwa ndo nimeanza daftari, nikajilazimisha niandike nilichokiona na sio nilichokasirikia: "watoto 11 wameandika 35." Sasa ukishaiandika 35 kwenye karatasi inakuangalia, unaanza kujiuliza imetoka wapi. Nikaifuata. Mtoto kaona 2 juu na 7 chini, kachukua 7 akatoa 2, kapata 5, halafu 5 akatoa 2 akapata 3. Hajaangalizia mtu, ana kanuni yake, kwamba siku zote ndogo inatoka kwenye kubwa. Na hiyo kanuni kaitoa wapi? Kwangu! Mi ndo nilikuwa nasimama mbele nasema "huwezi kutoa 7 kwenye 2", wao wakanisikia, wakageuza. Kesho yake nikaja na vijiti, mafungu ya kumi kumi yamefungwa kamba, tukafungua fungu moja wote wanaona kwamba kumi moja limekuwa mamoja kumi, ukijumlisha na yale 2 unapata 12, sasa toa 7. Sikumaliza tatizo siku hiyo, lakini nilikuwa najua nafundisha nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika ukiwa bado shuleni, dakika kumi tu kabla hujafunga mkoba, maana ukisubiri usiku utaandika uchovu. Chagua tukio moja, hata liwe dogo kiasi gani, na afadhali lile lililokushangaza. Mtoto alisema nini, andika maneno yake kama alivyoyasema. We ulifanya nini. Ulitegemea itokee nini. Mwisho mstari mmoja tu, kesho nitajaribu nini, na kiwe kitu ambacho mtu akikaa nyuma ya darasa atakiona kikifanyika, sio "nitaongeza juhudi".

Halafu Ijumaa usome yote ya wiki ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, hapa ndo wengi tunaishia njiani na hapa ndo penye faida yenyewe. Mi baada ya kama wiki sita nilisoma daftari langu nikagundua majina ya watoto yanayotokea ni saba tu, wale wale, wachangamfu wanne na watundu watatu. Darasa zima nina watoto saba? Nikachukua rejista nikaanza kuweka alama nani hajawahi kutajwa. Kulikuwa na binti mmoja wa dawati la mwisho, mpole, hasumbui, daftari lake safi, sijawahi kumwandika hata mara moja. Nikamfuata, nikamwambia nisomee pale ubaoni, akakaa kimya. Alikuwa haoni. Muda wote ule ananakili kwa jirani. Nikamsogeza mbele siku hiyo hiyo na mzazi nikamwita. Na hilo sikulipata kwenye nilichoandika, nililipata kwenye ambacho sikuwa nimeandika.

Rudi kwenye kaunta buku lako mwanangu, anzia ukurasa mpya, hata siku tatu kwa wiki zinatosha.

SWALI: Mwalimu shikamoo, mi nasomea unesi, niko fildi Tanga wodi ya wazazi. Tutor katuambia tuandike daftari la kutafakari kwa kufuata Gibbs, hatua sita, naona zinanichanganya na nazijaza ili mradi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Huyo ni Graham Gibbs, Mwingereza, alitoa mzunguko wake wa kutafakari mwaka 1988 na ukiuweka kwa Kiswahili cha nyumbani hautishi kabisa: nini kilitokea, ulijisikiaje, kipi kilienda vizuri na kipi vibaya, kwa nini ikawa hivyo, ungeweza kufanya nini kingine, na ikitokea tena utafanya nini. Wengi naona wanajaza kurasa mbili kwenye kujisikia halafu ile ya "kwa nini" wanaweka mstari mmoja, we geuza. Mfano mama amekuuliza mbona mtoto hanyonyi, ukamwambia subiri nikamuulize sista, ukashikwa na kazi nyingine hukurudi. Kwa nini hukurudi? Ulisahau, au uliogopa kumuuliza sista swali ambalo ulihisi ulitakiwa ulijue? Majibu hayo mawili dawa yake sio moja. Na tafadhali sana, usiandike jina la mgonjwa, wala namba ya faili, wala kitu chochote cha kumtambulisha, maana daftari linasahaulika kwenye daladala na ile ni siri ya mtu.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi nauza viazi karai na bajia hapa Likoni karibu na feri, shule nilikomea njiani na kuandika kwanipa tabu. Haya mambo yanihusu?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, yanakuhusu sana tu. Usiandike, jirekodi kwenye simu unapoosha karai, dakika moja: leo kimebaki nini, mvua au jua, mteja gani kalalamika na kasema nini hasa. Umerudisha nusu beseni ya viazi? Usiseme "biashara mbaya", sema watu walipita saa ngapi, na ukwaju uliisha saa ngapi, kwa sababu wapo wanaosogea, wakiona ukwaju hamna wanaenda kwa jirani na wala hawakuambii. Siku ya kupumzika uzisikilize zote kwa mpigo, na ukipata kitu niandikie, nataka kusikia.