Maswali ya Wasomaji: Usalama wa Watumishi wa Misaada Wakiwa Fildi

Toleo hili tunajibu barua nne kutoka Kanda ya Kati, zote za watu wanaofanya kazi katika mashirika ya misaada. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndizo zenye hatari ya kupoteza maisha.

Swali: Shirika letu litapima lishe ya watoto katika vijiji vya Chamwino na Bahi. Tutachukua uzito, urefu na mzunguko wa mkono, na baadhi ya watoto tutawatoa tone la damu kidoleni ili kupima wingi wa damu. Halmashauri imeshatupa barua ya utambulisho. Je, inatosha? *Mratibu wa mradi, Dodoma mjini*

Jibu: Haitoshi, ndugu mratibu. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya hiyo hiyo ya Chamwino, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na gari lao likachomwa moto baada ya kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Kazi yao ilikuwa ya udongo. Ninyi mnakwenda na vitoboleo vya damu, na mnawashika watoto wa watu.

Barua ya Mkurugenzi hushuka kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na mara nyingi huishia kwenye droo. Mtendaji kaitwa kikaoni mjini, na mwenyekiti wa kitongoji hana habari. Anayepiga yowe ni mama aliyeko shambani, na yeye hajui kilichomo kwenye faili lenu. Kwa hiyo watangulieni watu wawili, siku 7 hadi 10 kabla ya kazi. Wakutane na mtendaji, mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa kila kitongoji mtakachopita, bila kuruka hata kimoja. Waombe tangazo mkutanoni, msikitini siku ya Ijumaa, kanisani Jumapili na siku ya mnada, maana mnadani ndipo habari husambaa kuliko mahali pengine popote.

Kwenye mkutano huo onyesheni vifaa vyenyewe: mizani, ubao wa kupimia urefu, utepe wa mkono na kile kitoboleo kidogo cha kidoleni. Mmoja wenu ajitoboe mbele ya watu. Elezeni kuwa linatoka tone moja tu, mzazi akiwa amempakata mtoto, linapimwa hapo hapo, na kitoboleo kinatupwa kwenye kisanduku cha usalama. Maelezo hayo yatolewe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji hicho, kwa Kigogo pale wazee wanapokitumia zaidi. Kiswahili cha mgeni mwenye kitambulisho shingoni hakiondoi hofu.

Siku ya kazi, pitieni kwanza ofisi ya kijiji, msaini kitabu cha wageni. Kila kikundi kitembee na mwenyeji wake. Kama wenyeji ni wawili, vikundi ni viwili, hata kama mna wapimaji sita. Msiwape watoto pipi wala lifti, na msipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Gari lisiwe na vioo vya giza. Liegeshwe likitazama njia ya kutokea, dereva asiondoke nalo mbali, na ufunguo uwe mfukoni mwake. Kazi ifungwe saa 10 alasiri.

Hali ikianza kugeuka huwa na dalili. Akina mama wanawaita watoto ndani. Mwenyeji wenu anatoweka bila kuaga. Vijana ambao hawakuwapo wanajikusanya pembeni, na swali linabadilika kutoka "mnafanya nini?" kuwa "nani kawatuma?" Hapo msibishane na msianze kuonyesha barua. Acheni vifaa, kusanyikeni na ondokeni kuelekea kituo cha polisi, au ofisi ya kijiji kama ndiyo iliyo karibu na viongozi wapo. Mizani inanunuliwa. Namba ya polisi ya dharura ni 112, lakini muwe pia na namba ya mkononi ya mkuu wa kituo cha karibu, mliyoijaribu kabla ya safari. Yeyote kwenye timu, hata mpimaji wa muda, awe na haki ya kusema "tuondoke", na akisema mnaondoka kwanza, mengine mtaulizana barabarani. Msirudi kijijini hapo mpaka mkutano wa kijiji ufanyike na viongozi wawaite wenyewe.

Swali: Mimi ni dereva wa mradi, njia zangu ni Kondoa, Chemba na Mpwapwa. Wakati wa mvua naambiwa nivuke korongo lenye maji ili tusilale porini, au nirudi Dodoma usiku. Halafu ofisi inanipigia simu kila mara nikiwa kwenye usukani. Nifanyeje? *Dereva, Kondoa*

Jibu: Usivuke, na usipokee simu hiyo. Tunaanza na maji. Mvua za kwetu, kati ya Desemba na Aprili, zinaweza kunyesha mbali mlimani huku ulipo kuna jua, na korongo la mchanga ulilolipita kavu asubuhi ukalikuta mto jioni. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulielesha gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu ya fildi, kwa kuwa maji yakishaliinua gari matairi hayana cha kushika. Tena maji ya tope hayakuonyeshi shimo lililochimbika chini usiku wa jana. Egesha kwenye mwinuko, nje kabisa ya korongo, usubiri. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Yasipopungua, geuza mkalale kijijini.

Na hapa ndipo mashirika mengi yanapokosea. Kanuni ya "hakuna safari baada ya saa 12 jioni" imeandikwa vizuri, ila hakuna aliyetenga pesa ya kulala. Dereva na abiria wake wakilala njiani wanalala kwa gharama yao, kwa hiyo wanakimbizana na giza, na gizani kuna punda, ng'ombe, na malori yaliyoharibika yakiwekewa matawi tu badala ya taa. Mwombe meneja wako jambo moja la maandishi: kila safari ya msimu wa mvua iwe na posho ya usiku mmoja wa ziada kwa kila aliyemo garini, inayorudishwa isipotumika. Posho hiyo inazuia ajali kuliko semina.

Kuhusu simu, anayewasiliana na ofisi ni abiria wa mbele. Mkubaliane kabla ya kuondoka mtatoa taarifa wapi: kwa njia ya Kondoa, mfano, mnapotoka Dodoma, Haneti, Chemba, na mkifika. Pale mtandao unapokatika pajulikane, ili ukimya wa pale usiwatie watu hofu. Taarifa ikichelewa nusu saa, ofisi inapiga na kutuma ujumbe. Ikifika saa nzima, inampigia mwenyeji wenu na mtendaji wa kijiji mlikotoka na mnakokwenda. Saa mbili, meneja na polisi wanaarifiwa. Utaratibu huu hufa kwa sababu moja: mwenye karatasi ya safari kaondoka nayo saa 9 na nusu, simu kaizima. Wawekwe wawili, na majina yao yabandikwe ukutani kila wiki.

Garini usikose maji ya kunywa lita 20, kamba ya kuvutia, sepetu, pembetatu mbili, sanduku la huduma ya kwanza, tairi la akiba lenye upepo, na pampu. Chini ya jeki weka kipande cha ubao mnene cha sentimita 30 kwa 30, kwani jeki isiyo na ubao inazama mchangani na gari linakuangukia.

Swali: Wanaojitolea wetu wanatumia pikipiki. Mmoja akianguka, analipwa na nani? *Karani, Manyoni*

Jibu: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unamlinda mwajiriwa, na mchango unalipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Anayejitolea bila mkataba wa ajira asihesabiwe kuwa yumo. Shirika limkatie bima ya ajali, limpe kofia ngumu, na lijue kama ana leseni kabla ya kumpa funguo. Kwa mwajiriwa, chukueni polisi fomu ya matibabu ya PF3, tunzeni karatasi zote za hospitali na mtoe taarifa WCF mara moja. Madai yana ukomo wa miezi 12.

Swali: Mwenzetu alizingirwa na watu kijijini, akatoka salama. Bosi anataka aje asimulie mbele ya ofisi nzima kisha kesho arudi fildi. Ni sawa? *Afisa lishe, Mpwapwa*

Jibu: Hapana kwa yote mawili. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumlazimisha aliyepatwa na mshtuko kusimulia tukio katika kikao kimoja mara tu baada yake. Taarifa fupi ya nani, wapi na saa ngapi inatosha, na aiandike na mtu mmoja anayemwamini. Siku ya kwanza anahitaji kula, kulala, kuongea na watu wa nyumbani, na kutoachwa peke yake kama hataki. Kutolala vizuri na kushtuka kwa kelele ni kawaida kwa wiki chache. Ikizidi mwezi, au akianza kunywa ili alale, au akisema maisha hayana maana, apelekwe kwa mtaalamu, na hilo la mwisho halingoji hata siku moja. Watu wengi hapa wanaogopa kutajwa na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo Dodoma, lakini hospitali hiyo hupokea pia wagonjwa wa nje wanaotibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nauli ilipwe na ofisi, na siku hiyo ihesabiwe ya kazi, isikatwe likizo.