Ziwa Limetulia, Umeme Unatoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba kituo cha nyuklia cha Bruce nchini Kanada kimejengwa kando ya Ziwa Huron na kinatumia maji mengi ya ziwa hilo. Bwawa la Julius Nyerere ninalielewa, kwa kuwa maji hushuka kwa nguvu na kuzungusha mashine, lakini ziwa limetulia. Je, maji yake yana kazi gani, na yakirejeshwa ziwani hayarudi na mionzi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, maji ya Ziwa Huron hayazungushi mashine yoyote, kazi yake ni kupoza mvuke. Bruce ina vinu vinane, vilivyoanza kufua umeme wa kibiashara kati ya mwaka 1977 na 1987, vyenye uwezo wa takriban megawati 6,500, yaani kama mara tatu ya zile 2,115 za Bwawa la Nyerere.

Ndani ya kinu, atomi za urani hupasuka na kutoa joto, ambalo huchukuliwa na maji mazito, yaani maji ambayo hidrojeni yake ni ya aina nzito, yanayozunguka kwenye mabomba kwa shinikizo kubwa kiasi kwamba hayachemki hata yakifikia nyuzi joto 300 hivi. Maji hayo hupita kwenye birika kubwa na kuchemsha maji mengine, ya kawaida, na mvuke wa haya ya pili ndio unaosukuma mapanga ya mtambo wa kufua umeme. Ukishafanya kazi hiyo, mvuke huangukia juu ya maelfu ya mabomba membamba yanayopitisha maji ya ziwa, ukapoa, ukawa maji tena. Unapogeuka maji huacha ombwe, yaani nafasi karibu tupu isiyo na hewa, nyuma ya mapanga, na ombwe hilo ndilo linaloufanya mvuke unaofuata usukume kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo maji ya ziwa ni mkondo wa tatu, usiochanganyika na ile miwili. Hata bomba likitoboka, ombwe huvuta maji ya ziwa kuingia ndani badala ya kuuachia mvuke utoke. Hata hivyo, si kweli kwamba hakitoki chochote: vinu vya maji mazito hutoa tritiamu kidogo, yaani hidrojeni yenye mionzi, hewani na majini, ambayo hupimwa chini ya usimamizi wa Tume ya Usalama wa Nyuklia ya Kanada.

Kwa maoni yangu, linalostahili kuulizwa zaidi ni joto. Theluthi moja tu ya joto la kinu hugeuka umeme. Karibu lote linalobaki huishia ziwani. Jamii ya Saugeen Ojibway, wenyeji wa asili wa mwambao huo, ina haki ya kuwa na wasiwasi juu ya samaki wake, kwani wapo wanaotaga kwenye miamba ya kina kifupi kabla ya majira ya baridi, mayai yakakaa humo hadi masika, na maji yakiongezeka joto huweza kuanguliwa kabla chakula cha vifaranga hakijapatikana.