Barua kwa Mwanangu: Mzee Anayekataa Kuogeshwa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa makini. Unaniuliza ufanyeje na yule mzee unayemhudumia katika makao ya wazee huko Minnesota, aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi, ambaye kila asubuhi ukimsogelea na beseni hugeuzia uso ukutani na kuusukuma mkono wako. Unauliza pia kama ni kosa kumwacha siku moja moja bila kumwogesha, kwa kuwa wengine wengi wanakusubiri kabla ya kifungua kinywa. Kazi ya wodini ndiyo iliyokulea, kwa hiyo nitakujibu kama baba na kama muuguzi.

Kwanza, usimlazimishe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987, ile ile iliyoagiza kwamba msaidizi wa muuguzi afundishwe kwa saa zisizopungua 75, inampa mkazi haki ya kukataa huduma. Lakini akikataa, kazi yako ya kutafuta sababu ndiyo kwanza inaanza. Kiharusi kinachopoozesha upande wa kulia huwa kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu walio wengi huko ndiko yanakotokea maneno. Inawezekana kabisa kwamba mzee huyo anaelewa sehemu kubwa ya unayomwambia ila hawezi kujibu, na huo mkono unaosukuma ndiyo njia aliyobaki nayo ya kukueleza kwamba kuna kitu kinamuuma, kinamtia baridi au kinamvunjia heshima.

Mimi ningeanza na maumivu. Hukuniambia unamvuaje shati. Bega lililopooza limepoteza nguvu za misuli inayolishikilia, na ukilivuta, hata kidogo, huuma sana. Kwa hiyo mkono mzima hutangulia kuvuliwa, ili nguo ilegee ndipo uitoe upande uliopooza bila kuukunja; wakati wa kumvisha, mkono uliopooza ndio unaotangulia. Uushike kwa kuutegemeza kiwikoni na kwenye kifundo, wala usimnyanyue mtu kwa kumshika makwapani. Jaribu hilo kwa siku chache, umtazame uso wakati unamvua, kwa sababu uso utakujibu.

Kisha kuna baridi na aibu. Funga mlango, vuta pazia, mwambie jina lako na unachotaka kufanya kabla hujamgusa, kisha usubiri kidogo aelewe. Maji uyapime kwa mkono wako, halafu na yeye ayaguse kwa mkono wa kushoto. Mfunike shuka mwili mzima, ufunue sehemu unayoiosha peke yake, uikaushe na kuifunika tena kabla ya kwenda nyingine. Anza na uso kwa maji yasiyo na sabuni, macho ukiyafuta kutoka puani kwenda nje, na kama anaweza kushika kitambaa, mwache ajifute mwenyewe. Mtu mzima aliyejiogesha maisha yake yote hapaswi kunyang'anywa hata hicho kidogo alichobakiwa nacho. Sehemu za siri ziwe za mwisho, kwa maji mapya na glovu mpya.

Sasa nije kwenye swali lako la kumwacha siku moja moja. Akikataa kuoga mwili mzima, mwache, ila umwombe umsafishe uso, mikono, makwapa na sehemu za siri, na asibaki na nguo iliyolowa mkojo. Jambo lisiloweza kusubiri hadi kesho ni kuitazama ngozi yake. Katika nyumba nzima, wewe ndiye unayeuona mwili wake wote kila siku. Daktari huja kwa nadra, na muuguzi wa zamu ana dawa za kugawa. Tazama visigino, nyonga, viwiko, na pale juu ya makalio uti wa mgongo unapoishia, kwani hapo mfupa huigandamiza nyama mpaka damu isipite, na ndipo vidonda vya kulalia vinapoanzia. Ukiona wekundu, bonyeza kwa kidole na kuachia: usipopauka, mwite muuguzi saa hiyo hiyo, wala usipasugue. Kwa mwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu huenda usionekane kamwe, hivyo tumia kiganja na utafute joto, ugumu au weusi uliozidi wa sehemu za jirani. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hufundishwa kwa picha za ngozi nyeupe tu.

Ndiyo maana mnaagizwa kuwageuza wasioweza kujigeuza kila baada ya saa 2 hivi, au kwa ratiba iliyoandikwa katika mpango wake. Usimburute kumpandisha kitandani. Mkamate shuka la kugeuzia wewe na mwenzako, mmnyanyue. Weka mto chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro, na asipokuwa anakula, kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30, vinginevyo atateleza na ngozi itavutika. Wakati wa kula mkalishe wima kabisa, umpe kidogo kidogo, na uangalie shavu la kulia kama chakula hakikubaki humo. Akikohoa au sauti yake ikiwa kama yenye maji, acha kumlisha na umwite muuguzi.

Siku atakayokataa, andika katika faili kwamba amekataa, ulifanya nini badala yake na ngozi ulionaje. Halafu waulize ndugu zake alikuwa akioga saa ngapi enzi za uzima wake, kwani wapo wanaume ambao tangu ujana wao walioga jioni baada ya kazi. Kama ndivyo, mwombe muuguzi abadilishe ratiba yake.

Mama yako anakusalimu. Niandikie bega lilivyokuwa.

Baba yako