Kuhusu ada ya usajili kwenye majaribio ya bidhaa

Ndugu, umeuliza kama ulipe ada ya usajili ili uingizwe kwenye majaribio ya sabuni ya kufulia. Usitoe hata shilingi, kwa sababu utafiti wa kweli humlipa mshiriki, haumtozi. Kwa kawaida watafiti watakuuliza kwanza umri wako, idadi ya watu nyumbani na sabuni unayotumia, kisha watakukabidhi pakiti zisizo na jina, zenye namba ya tarakimu 3 tu, ili umaarufu wa chapa usikushawishi. Soma fomu ya ridhaa kabla ya kutia saini, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inakulinda. Mikono ikianza kuwasha, acha kutumia sabuni hiyo mara moja na uwaarifu watafiti. Tafadhali usivumilie kwa ajili ya malipo.